Walioiba, Wakalea

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kila ninapomsikia mtu akiutumia msemo huo kama hukumu iliyokwisha kutolewa, humtajia filamu ya Kijapani ya mwaka 2018, Shoplifters, ambayo kwa lugha yao huitwa Manbiki Kazoku, yaani familia ya wadokozi. Mwongozaji wake, Hirokazu Kore-eda, alitunukiwa Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, mwaka huohuo.

Katika nyumba kuukuu jijini Tokyo wanabanana Bibi Hatsue na pensheni yake, Osamu ambaye ni kibarua wa ujenzi, Nobuyo anayefanya kazi ya udobi, msichana Aki na mvulana Shota. Hakuna hata mmoja aliyemzaa mwenzake. Usiku mmoja wa baridi wanamchukua Yuri, mtoto mdogo aliyeachwa nje kwenye roshani, na wanapokwenda kumrudisha wanamsikia mama yake akifoka kwamba hata yeye hakutaka kumzaa. Baadaye, wakiwa bafuni, Yuri anaipapasa alama ya kuungua kwa pasi mkononi mwa Nobuyo, kwa kuwa naye anayo ya namna hiyo. Sijui tukio jingine la sinema linalosema mengi kiasi hicho kuhusu undugu kwa maneno machache hivyo.

Watazamaji wengi huishia hapo na kuiita filamu hii sifa kwa familia ya kuchaguana. Mimi naona wameiacha nusu. Osamu huyo mpole ndiye anayemfundisha Shota kwamba bidhaa iliyo dukani bado haina mwenyewe, na kwamba wanaokwenda shule ni wale wasioweza kujisomea nyumbani. Bibi anapofariki wanamzika chini ya sakafu, kisha wanaendelea kuchukua pensheni yake, jambo ambalo Kore-eda alilitoa katika habari za kweli za familia za Japani zilizoficha vifo vya wazee wao. Na Shota anapovunjika mguu na kulazwa hospitalini, watu haohao waliomlea wanafungasha vitu usiku ili watoroke bila yeye. Tukio hilo ndilo ninaloshindwa kulisamehe, na nadhani mwongozaji alikusudia tushindwe.

Anayeivunja nyumba hiyo ni Shota mwenyewe. Mzee mmoja wa duka dogo, aliyekuwa akimwona akidokoa siku zote, alimpa vitamutamu na kumsihi asimwingize dada yake katika mchezo huo. Neno hilo lilimkaa rohoni. Siku Yuri alipoanza kuiba mbele yake, alinyakua mfuko wa machungwa na kukimbia waziwazi ili macho yote yamfuate yeye. Wafanyakazi wa duka walimfukuza, akaruka kutoka juu ya ukuta wa barabara. Naliita hilo tendo la kaka, ingawa hakuna cheti popote kinachomtambua hivyo.

Familia inapokamatwa ikitoroka, polisi wanauliza maswali ya haki kabisa, na hilo ndilo linalotuumiza, kwa sababu hatuwezi kuwachukia. Osamu anapoulizwa kwa nini aliwafundisha watoto wizi, anajibu kwamba hakuwa na kitu kingine cha kuwafundisha. Nobuyo, anayechezwa na Sakura Ando, anahoji kama kuzaa peke yake kunamfanya mtu awe mama. Kisha anaulizwa watoto walikuwa wakimwitaje, naye anakosa jibu, anabaki kuyafuta machozi kwa kiganja, tena na tena, huku kamera ikimkazia uso bila huruma. Msemo wa wahenga ungemsaidia nini pale? Alilea kweli, na kweli aliiba mtoto.

Yuri anarudishwa kwa mama yake mzazi na kwenye roshani ileile. Sheria imefuatwa kikamilifu.

Shota anapelekwa kwenye makao ya watoto. Siku anayomtembelea Osamu, anamuuliza kama kweli walitaka kumwacha, na Osamu anakiri, kisha anasema kuanzia sasa atarudi kuwa mjomba tu. Asubuhi Shota anapanda basi, Osamu anakimbia pembeni akiita jina lake, na mvulana hageuki mpaka basi limekwisha kwenda mbali. Hapo ndipo midomo yake inapotamka "baba", neno ambalo Osamu alilisubiri filamu nzima. Sauti haisikiki.