Kanali na Mukene wa Lendilodi

Mbwa wangu anaitwa Kanali ila cheo hicho ni cha bure, akiona bodaboda, helmeti, mwavuli, anabweka mpaka mate yanaruka na hapohapo anarudi kinyumenyume kujificha kwenye miguu yangu. Watu wa huku Walukuba, Jinja, Uganda, wanasema ni mkali. Mkali wapi, woga mtupu.

Daktari wa mifugo akasema nisimchape, nimpe kazi ya pua. Mbwa ana vipokezi vya harufu zaidi ya milioni 100, sisi tuna milioni 5 au 6 tu, sasa mnyama wa hivyo akikaa bila kazi si atatafuta ugomvi. Nikaomba maboksi dukani, moja nikaweka mukene, hawa dagaa wa ziwani, mengine matupu, nikanyamaza. Kunyamaza ndo kugumu banange! Humwonyeshi, humfokei, unamwacha atafute na apate mwenyewe, hapo ndo anaanza kujiamini. Mwanzoni boksi liko wazi, baadaye unalifunika, unalipandisha kwenye kiti, unahamia uani. Na kweli akabadilika, boda inapita yeye kichwa kimo boksini, hana habari.

Basi asubuhi moja nikamtoa nje ya geti na kamba ndefu. Kumbe usiku kuna mama ameibiwa kuku, watu wamejaa wanasubiri mbwa wa polisi wa kunusa, na sisi ndo tunatokea, Kanali pua chini, mimi nyuma kimya. Mtu akasema "mpisheni, amefika!" Kabla sijajibu upepo wa ziwani ukaleta harufu, Kanali akainua pua, akakata kona, umati wote nyuma yetu, mimi navutwa huku nasema jamani huyu ni wa nyumbani, nani anasikia.

Moja kwa moja mpaka kwa lendilodi wetu aliyekuja kudai kodi. Kanali akaketi mbele yake, akaukazia macho mfuko wa koti, maana akipata nimemzoesha aketi.

"Ndiye!" mama wa kuku akapiga kelele. "Toa!"

Akatoa kaveera, mfuko wa plastiki, ya mukene wa Masese, jasho linamtiririka. Sasa mukene si ndo watu wanalishia kuku, kesi ikazidi kuwa nzito: "Chakula hiki hapa, kuku wako wapi?" Mzee wa watu anaapa ni wa kupika na njugu, mkewe kamwagiza. Na Kanali katikati ya kelele zote hizo hatikisiki, anasubiri malipo yake. Nikampa kamoja, kazi si amefanya.

Mbwa wa polisi alipofika akaelekea upande mwingine kabisa. Kanali alipomwona tu akaenda kujificha nyuma ya lendilodi.

Kodi siku hiyo haikudaiwa. Jioni mama mwingine akagonga geti, ana soksi ya mumewe ndani ya kaveera, anataka Kanali amwonyeshe huyu bwana Ijumaa huwa analala wapi. Nikamwuliza kama soksi imefuliwa.

"Ningeifua, ningekuja hapa kufanya nini?"