Ramani ya kiangazi, mgonjwa wa masika

Mpango wa m-mama ulizinduliwa kitaifa hapa Dodoma Aprili 2022. Mjamzito akizidiwa kijijini, namba ya kupiga ni 115, bila malipo. Anayepokea simu hutafuta gari la wagonjwa. Likikosekana, humpigia dereva wa kijamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mgonjwa. Mabishano yaliyobaki ni kuhusu ramani: je, halmashauri ziingie gharama ya kuchora kila njia na kila kitongoji, au fedha hiyo iende kwenye mafuta na matairi?

Wanaoitetea ramani wana hoja. Mpokea simu yuko mjini, hajawahi kukanyaga Chemba wala Mpwapwa, na anaambiwa mgonjwa yuko Majengo. Majengo ipi? Majina ya vitongoji yanajirudia kila wilaya, na usiku wa manane si wakati wa kuulizana. Operesheni ya anwani za makazi ya 2022 ilisaidia kiasi, lakini kibao cha namba hakisemi gari litapita wapi.

Wanaoipinga nao hawabahatishi. Dereva wa bodaboda wa kijijini haangalii simu kutafuta njia. Anajua mpaka nyumba yenye mbwa mkali. Mtandao wenyewe ukifika bondeni unakata.

Binafsi naona pande zote mbili zinabishania kazi ambayo ramani haiifanyi vizuri, yaani kumwongoza dereva. Hapo mwenyeji atashinda daima. Kazi hasa ya ramani ni kabla ya simu kupigwa: kuonyesha ni vitongoji vipi viko mbali na kila kitu, gari lilale wapi, dereva wa kijamii asajiliwe upande gani wa korongo.

Na korongo ndilo linaloumbua ramani nyingi za huku. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na miezi hiyo mawingu huizuia satelaiti kuona chini. Kwa hiyo picha safi zinazotumika kuchorea mara nyingi ni za kiangazi, wakati korongo ni mchanga mkavu wenye alama za matairi. Mchoraji aliye mbali anaona njia, anaichora njia. Februari korongo linajaa maji, na njia hiyo haipo. Ukichora duara la kilomita 5 kuzunguka zahanati, kitongoji cha ng'ambo kitahesabiwa kuwa kimehudumiwa, ilhali watu wake wanasubiri maji yapungue au wanazunguka hadi penye daraja. Bahi, ambako Mto Bubu unaishia kwenye kinamasi, wakulima wa mpunga hawahitaji kuelezwa hili.

Ramani ya namna hiyo ina hatari yake: inampa mpangaji ujasiri asiostahili. Akiwa na makadirio ya dakika za safari kwenye kioo cha kompyuta, anaweza kulihamisha gari kutoka kijiji kinacholihitaji zaidi, na ripoti ikasomeka vizuri kabisa.

Dawa yake si ghali. Kila kitongoji kiandikiwe muda wa safari mara mbili, wa kiangazi na wa masika, na huo wa masika utoke kwa madereva na wenyeviti wa vitongoji, si kwenye picha. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wanajua drifti zipi, yaani vivuko vya chini vya barabara kwenye makorongo, hufunikwa na maji. Orodha hiyo iwafikie wanaopokea simu. Dereva anayepiga kusema njia imekatika alipwe japo vocha, maana taarifa yake ina thamani kuliko picha ya Agosti.

Wa mafuta na matairi watauliza kama haya yatapunguza bajeti yao. Yatapunguza, kidogo. Ila gari lenye tangi limejaa, likiwa limelala ng'ambo isiyo yake usiku wa mvua, halimfikii mgonjwa.