Jina lako likae juu, si kwenye shukrani

Nina hasira na leo siandiki kwa upole. Kijana mmoja wa hapa Langoni, Lamu, digrii anayo, adabu anayo na kazi anaijua, juzi alinitumia pepa, yaani makala ya utafiti, kwa WhatsApp akaniambia mwalimu hebu isome hii, ni ile kazi yetu ya mikoko. Nkasoma. Waandishi wanne, yeye hayumo. Nkateremka mpaka chini kabisa nkamkuta kwenye shukrani, mstari mmoja, tena wameandika jina lake la kwanza tu, la babake hakuna.

Na kazi aliyoifanya naijua. Dodoso lao lilikuja limeandikwa "miti" basi, yeye ndiye aliyewakalisha akawaeleza kwamba mkata mikoko wa Matondoni hakuelewi ukimuuliza habari ya miti, kuna fito, kuna pau, kuna mazio, kuna boriti, kila moja ina unene wake na bei yake. Akayapanga maswali upya, akayapeleka kwa wazee wa Kizingitini kwa Kibajuni chao, akanakili mahojiano usiku na usiku. Sasa fungua hiyo pepa uangalie jedwali kuu limepangwaje. Fito, pau, mazio, boriti! Huo ni uchambuzi jamani, mtu hashukuriwi kwa uchambuzi kama aliyeleta chai.

Tangu bandari ya Lamu ianze kujengwa, na Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua 2018 wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, watafiti hawakauki huku. Wanakuja kwa wavuvi, kwa mikoko, kwa mji wa kale, kwa hati za kale za msikiti wa Riyadha. Waje, karibuni. Lakini vijana wetu wanamaliza miaka chungu nzima wakiwa "msaidizi wa utafiti", siku ya kuomba nafasi ya PhD au kazi ya uhadhiri wanaulizwa umechapisha nini, na hawana hata pepa moja, ilhali jasho lao liko kwenye pepa za watu.

Haya, nakubali, tena kwa shingo upande, kwamba pesa wametafuta wao na kutafsiri peke yake hakukufanyi mwandishi. Ila zisome hizo kanuni zenyewe. ICMJE, ile kamati ya wahariri wa majarida ya tiba, ina masharti manne na yote lazima utimize: uwe umechangia kwa uzito kwenye wazo au mpango wa kazi, au kupata data, au kuichambua, uwe umeandika rasimu au umeihakiki kwa kina, uwe umeikubali nakala ya mwisho, na uwe tayari kuijibia kazi hiyo. Kutafuta pesa peke yake nako hakumfanyi mtu mwandishi, wameandika wazi. Tena wamesema aliyetimiza sharti la kwanza apewe nafasi ya kushiriki kuandika na kuhakiki, yaani huwezi kumfungia mtu mlango halafu ukasema hakuingia. Majarida mengi ya fani nyingine yana kanuni zinazokaribiana na hizo, kwa hivyo usiambiwe hii ni ya madaktari tu.

Sasa wewe uliyemaliza chuo juzi, kabla hujapanda mashua kwenda Pate andika imeli. Usiseme kwa mdomo tukinywa kahawa, andika. Uliza: nani watakuwa waandishi, mimi nikipanga maswali na kuchambua nitakuwa wa ngapi, rasimu nitaiona lini, data nakala yake itabaki wapi. Omba kipande cha kuandika, hata iwe ile sehemu ya mbinu tu, manake ukikubali kubaki kwenye kukusanya peke yake unawapa sababu. Na usiogope eti utaonekana huna adabu, mtafiti wa kigeni hapati kibali cha NACOSTI, ile tume ya serikali inayotoa vibali vya utafiti, bila kushirikishwa na taasisi ya hapa Kenya, kwa hivyo anakuhitaji. Mtafiti mwema atakujibu siku hiyo hiyo na atafurahi umeuliza. Asiyetaka kujibu, bora umjue ukiwa bado nchi kavu.

Na inawezekana, msiambiwe haiwezekani. Kilifi hapo KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, na Wellcome, wafadhili wa utafiti kutoka Uingereza, wako tangu 1989, na Wakenya waliosomea utafiti mikononi mwao leo ni waandishi wa kwanza.

Mengine kwa ufupi. Fungua ORCID, ile namba ya mtandaoni inayomtambulisha mtafiti na kazi zake, ni bure. Jarida linalokuahidi kukuchapisha kwa siku tatu ukilipa, likimbie. Ukifundisha part-time na semesta ya kwanza hujalipwa, ya pili usiingie darasani. Namba ya TSC, ile tume ya walimu, kama unayo itunze, ualimu wa sekondari si aibu kwa mtafiti.

Ila wageni si peke yao, na hili linaniuma zaidi. Wako supavaiza wetu wenyewe, Waswahili wenzetu, wanaochukua tasnifu ya mwanafunzi wakaigeuza pepa na kujiweka wa kwanza. Mwanafunzi ananyamaza kwa sababu sahihi ya kumaliza bado iko kwa huyo mtu. Maalim, mtoto wa watu amelala Faza, amelala Siyu, ameuza simu apate nauli. Muweke wa kwanza wewe ukae nyuma yake, na kama rasimu hukuisoma, jina lako litoe kabisa.