Habari za vita darasani: tuzisome, tusizitazame tu

Mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, vita havikumsubiri mwalimu wa Historia. Vilifika kwenye simu, video juu ya video, bila tarehe wala jina la aliyezipiga. Kuwaficha vijana hakuwezekani tena. Kinachobishaniwa ni kama mwalimu wa sekondari hapa Mwanza alete darasani ripoti za waandishi waliofika vitani, au abaki na kitabu chake.

Wanaotaka ziletwe wana hoja nzito. Kitabu kinaorodhesha sababu na matokeo. Mwandishi aliyekuwepo anakuonyesha watu. Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa takribani siku moja. Miili ya waliouawa ilisombwa na Mto Kagera hadi Ziwa Victoria. Upande wa Uganda wavuvi waliiopoa, na watu wakaogopa kula samaki. Kijana wa Kirumba, hapa Mwanza, akisoma hayo anatambua kuwa ni ziwa hilihili analoliona kila asubuhi. Na kuna la karibu zaidi: mwaka 1979, ndege ya Libya, mshirika wa Idi Amin, ilikuja kuushambulia mji huu ikakosa shabaha. Mabomu yakaangukia Kisiwa cha Saanane, yakaua swala.

Wanaopinga nao si waoga. Darasani anaweza kuwepo mtoto ambaye familia yake ilikimbia Kongo au Burundi, na mwalimu hana habari. Kumwekea picha ya maiti ni kumtonesha kidonda.

Hoja yao inayonisumbua zaidi ni nyingine: mwandishi anaweza kusema kweli tupu na bado akapotosha. Oktoba 1984 Mkenya Mohamed Amin alipiga picha za njaa huko Korem, Ethiopia, na dunia ikachanga. Watazamaji wengi walibaki na ukame vichwani. Vita vya serikali ya kijeshi ya Derg dhidi ya waasi wa Tigray na Eritrea, vilivyochangia sana njaa ile, havikuonekana kwenye nyuso za wenye njaa. Mwanafunzi akipewa picha hizo peke yake, ataondoka akiamini ni mvua tu iliyokosekana.

Mimi niko upande wa wanaotaka ziletwe, na kwa sababu hiyohiyo. Upungufu huo unafundishika. Chukua ripoti za mwanzo za Rwanda, ambazo nyingi ziliyaita mauaji yale ya kimbari vurugu za kikabila. Ziweke kando ya hukumu iliyotolewa Arusha Desemba 2003 na mahakama ya Umoja wa Mataifa kuhusu Rwanda, iliyowatia hatiani waanzilishi wawili wa redio RTLM na mhariri wa gazeti la Kangura, vyombo vilivyochochea mauaji hayo. Rufaa ya 2007 ilifuta sehemu ya hukumu hiyo, nalo lijadiliwe. Kisha waulizwe: mwandishi huyu alisimama wapi? Alimhoji nani, akamwacha nani? Wataona kwamba kipaza sauti kiliua, na kwamba kukaa kimya au kutumia jina lisilo sahihi kuliwachelewesha waliopaswa kusaidia.

Picha za maiti sizitaki. Maandishi na sauti vinatosha, na asiyeweza kuvumilia atoke bila kuhojiwa mbele ya wenzake.

Kinachobana ni muda. Silabasi ni ndefu, mtihani wa taifa uko mbele, na zoezi kama hili linakula si chini ya vipindi viwili. Ningepunguza kukariri tarehe za mikataba ili vipatikane.