Sumukuvu huanzia shambani, kabla ya ghala

Kila mavuno yakikaribia, mkulima wa Dodoma huambiwa yale yale: usianike mahindi chini, kausha mpaka punje ilie ukiitafuna, pukusa bila kuzipasua, weka kwenye mifuko ya kinga njaa isiyopitisha hewa. Ushauri huo ni mzuri na haugharimu sana. Ninalopinga ni hukumu inayofuatana nao, kwamba mwenye sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka, ghalani kwake ni mzembe.

Katikati ya mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua ugonjwa ambao mwanzoni haukujulikana: macho ya manjano, kutapika, tumbo kujaa. Waliougua walikuwa 68, na 20 kati yao walifariki. Mahindi ya kaya zilizougua yalipopimwa, mengine yalikuwa na aflatoksini, ambayo ni aina ya sumukuvu, hadi mikrogramu 51,100 kwa kilo. Kikomo cha Afrika Mashariki ni 10.

Inatisha, lakini namba inayonisumbua mimi ni ndogo zaidi, nayo ilitoka kwenye uchunguzi huohuo: 285. Hicho ndicho kiwango cha juu kilichokutwa kwenye mahindi ya kaya ambazo hazikuugua. Ni zaidi ya mara 28 ya kikomo, na waliokula hawakulazwa. Walisonga ugali, wakaenda shamba, watoto wakanywa uji. Moto wa jikoni hauimalizi aflatoksini. Ikifika kwenye ini hugeuzwa kuwa kemikali inayonata kwenye vinasaba, na kwa miaka mingi hatari ya saratani ya ini hupanda, hasa kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini B. Hakuna timu ya dharura inayotumwa kijijini kwa ajili ya 285. Ndiyo maana naona tunakosea tukipima ukubwa wa jambo hili kwa vifo vya mwaka ule peke yake.

Sasa, 285 inaingiaje kwenye mahindi ya mtu makini? Kuvu aitwaye Aspergillus flavus makao yake ni udongo. Jua likiwa kali na mvua ikikatika punje zikiwa bado zinajaa, mmea hudhoofika na kuvu huingia kupitia nywele za hindi au matundu ya wadudu. Karanga ndizo zenye shida zaidi, kwa sababu zinakomaa humohumo udongoni. Hapa kwetu mvua ni ya msimu mmoja, na kukatika mapema ni jambo la kawaida. Kwa hiyo zao linaweza kufika kwenye turubai likiwa tayari na sumu. Kulikausha kunazuia sumu isiongezeke. Iliyokwisha kuingia haitoki.

Hapo ndipo ugunduzi wa wanabiolojia unapoanza kuwa na maana kwetu. Si kila kuvu wa aina hii hutengeneza sumu. Wapo ambao vinasaba vya kuitengeneza vimeharibika au havipo. Wakisambazwa shambani kwa wingi, mapema, hukalia nafasi na chakula ambacho wenzao wenye sumu wangekipata. Taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA na washirika wake walitafuta kuvu wa namna hiyo katika udongo wa Tanzania, na mwaka 2018 ikasajiliwa dawa ya Aflasafe TZ01. Punje za mtama uliokaangwa usiote, zilizopakwa kuvu hao na rangi ya buluu, hurushwa shambani, kilo 4 kwa ekari. Majaribio katika nchi mbalimbali za Afrika yameonyesha sumu ikipungua kwa asilimia 80 na zaidi.

Wenye mashaka wana hoja. Kumwambia Mgogo atupe mtama ardhini ili kuongeza kuvu kunahitaji subira, na mwenye kusita simlaumu hata kidogo. Wapo pia wataalamu wenye wasiwasi wa kina zaidi: mwaka 2009 ilibainika kwamba kuvu huyu anaweza pia kuzaliana kwa kujamiiana, hivyo huenda vinasaba vya wenye sumu na wasio nayo vikachanganyika siku za usoni. Ni jambo la kufuatilia kila msimu, wala si la kupuuza. Lakini kuvu hawa si wageni walioletwa kwa meli. Walikuwa tayari humu udongoni, tofauti ni wingi wao.

Hoja nzito kuliko zote kwangu ni ya soko. Pale sokoni Kibaigwa mahindi hupimwa kwa mizani, na sumu haionekani kwa jicho. Aliyetumia Aflasafe na asiyetumia wanapewa bei moja. Hasara ndiyo inayogawanywa kwa wote, kama Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu na malori yakakwama mpakani. Kwa hesabu hiyo, anayesema turubai linatosha anamwonea mkulima huruma, na namwelewa. Turubai hununuliwa mara moja. Kilo 4 kwa ekari ni za kila msimu.

Ila kukubali hoja hiyo hakunifikishi kwenye kuiacha dawa. Kunanifikisha kwenye swali la nani ailipie. Tangu msimu wa 2022/23 serikali imekuwa ikitoa ruzuku ya mbolea, na kilo hizo zingeweza kupita njia ileile, zikianza na karanga na mahindi ya wilaya zilizoonja 2016. Tarehe ndiyo isiyosubiri: hurushwa wiki mbili hadi tatu kabla ya mahindi kutoa maua, udongo ukiwa na unyevu. Kwa aliyepanda Desemba, huo ni mwisho wa Januari au mwanzo wa Februari, wakati akiba ya mwaka jana imekwisha ghalani na kila shilingi ya nyumbani inakwenda kununua debe la mahindi.