Mwenye Maiti Ashuke

Mama Mchungaji wetu anapenda riwaya za Kikristo, zile za binti mcha Mungu anayekataa wachumba wenye magari, halafu ukurasa wa mwisho anaolewa na daktari aliyeokoka. Mimi hizo zinanishinda. Nikifika katikati nimeshajua harusi itafungwa wapi na nani atalia. Ugonjwa wangu ni kumbukumbu za wamisionari: homa, mito iliyofurika, mpagazi aliyetoroka na sanduku la dawa. Mama Mchungaji analalamika kwamba vitabu vyangu vina misiba mingi mno. Nilipomwazima habari za Krapf, akafika pale mkewe Rosina anapofariki Mombasa mwaka 1844 pamoja na kichanga chake, miezi michache tu baada ya kufika, alinirudishia kitabu kwa mkono wa mtoto wa jirani. Yeye mwenyewe hakuja.

Kwa Livingstone, hata hivyo, alinasa. Tena si Livingstone mzima, Livingstone marehemu. Zile shajara zake za mwisho, alizozihariri Horace Waller na kuzitoa mwaka 1874, mwishoni zina masimulizi ya watumishi wake, Chuma na Susi, jinsi walivyoubeba mwili wake kutoka kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, mpaka Bagamoyo. Kiingereza chake ni kizito, kwa hiyo mimi nasoma, namsimulia kwa simu kipande kwa kipande.

Sasa, siku hiyo narudi Dar kwa basi kutoka Tabora. Shangazi yangu wa Ujiji alikuwa pale kwa binti yake, akaona nisiondoke mikono mitupu. Akanifungashia migebuka ya chumvi, mikavu kabisa, ndani ya turubai, juu yake mkeka, akakaza kwa kamba ya katani. Urefu wake wa mtu mzima aliyelala. Konda alipouliza ni mzigo gani, shangazi, anayeijua vizuri nauli ya samaki, akajibu bila kupepesa macho: "Robota la nguo, mwanangu. Majoho ya kwaya." Mimi nilikuwa dirishani, nasoma.

Tumetoka mjini kidogo, simu ikaita. Mtandao mbovu, kwa hiyo nilikuwa napiga kelele.

"Mwalimu! Umefika wapi?"

"Tumeshatoka Tabora, Mama!"

"Na maiti?"

"Wanayo! Yule Mwingereza, Cameron, aliwaambia waizike palepale Tabora, wamekataa! Sasa vijiji vya mbele havitaki ipite, kwa hiyo wameifunga upya. Ukiitazama ni robota la nguo tu, huwezi kujua!"

Sikuona wakati ule kwamba kijana wa siti ya mbele ametoa spika masikioni.

"Utumbo? Utumbo na moyo waliuzika kulekule, kwenye boksi la bati! Chumvi, Mama! Chumvi na jua, siku 14! Na miguu wameikunja magotini ili mzigo ufupike!"

Simu ikakatika. Bibi niliyekaa naye, aliyekuwa ananikaribisha karanga tangu stendi, alikunja mfuko wake taratibu.

"Pole, mwanangu. Marehemu alikuwa nani wako?"

Nikadhani naye amenogewa. "Daktari mmoja, bibi. Mzungu."

Bibi akahamia kwenye ngazi za mlangoni. Basi zima likanyamaza, na konda akaenda kumnong'oneza dereva. Mimi nikashukuru Mungu kwa utulivu, nikaendelea kusoma.

Kabla ya Manyoni tukasimama kwenye kizuizi. Afande akapanda, akatazama huku na huku.

"Mwenye maiti ashuke."

Hakuna aliyejitokeza. Nikageuka na mimi kumtafuta. Watu wote walikuwa wananitazama mimi.

Chini, afande ameshika daftari. "Maiti iko wapi?"

"Iko London, afande. Ilizikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874."

"Na moyo?"

"Moyo uko Zambia."

Akaandika polepole: London. Zambia. Akainua kichwa. "Kwa hiyo ninyi ni mtandao."

Konda akaingilia kati, jasho linamtoka. "Afande, aliyepakia alisema nguo. Na huyu kwenye simu kasema mwenyewe, ukiitazama ni robota la nguo tu!"

Wakakata kamba. Harufu iliyotoka ilimfanya kijana wa spika apige ishara ya msalaba, na bibi akaanzisha wimbo wa msiba, abiria wakamwitikia. Ukatokea mkia. Ukatokea mkia mwingine. Afande akainua mmoja, akamnusa.

"Huyu ni mgebuka."

"Labda amefichwa chini yao," konda akasema.

Basi wakatolewa wote, mmojammoja, wakapangwa kando ya barabara. Wimbo ukafa, na mama mmoja akaniuliza nauza bei gani.

Afande hakuridhika. "Mpigie huyo mwenzako. Weka sauti ya juu."

Mama Mchungaji alipokea bila hata salamu. "Enhe! Huko London walijuaje kama ni yeye kweli?"

"Mfupa wa mkono, Mama. Simba alimvunja kule Mabotsa mwaka 1844, haukuunga vizuri. Daktari Fergusson alipoupima akamtambua."

Afande akainamia simu. "Mama, unaongea na polisi. Maiti hii unaifahamu?"

Kimya. Kisha sauti ndogo, ya heshima: "Afande, huyo kijana simjui. Amekosea namba."

Akakata. Mlezi wa idara ya wanawake! Petro angalau alikuwa anaota moto.

Ikabidi nilete kitabu. Afande akasoma ukurasa, akafunua wa pili, akaegemea buti la basi. Dereva akapiga honi, hakusikia. Mwishoni akauliza, "Hawa Chuma na Susi, mazishini walikaa mbele?"

Nikamwambia ukweli. Aliyesafiri na mwili mpaka Uingereza ni Jacob Wainwright. Chuma na Susi walipelekwa baadaye, watu wameshazika na kutawanyika.

"Wabebaji ndio wamekosa msiba," akasema, kwa uchungu kabisa, akanirudishia kitabu. "Nenda. Na samaki wako."

Neno "samaki" ndilo konda alilokuwa analisubiri. Hajanipa hata nafasi ya kufunga turubai, ameshatoa kitabu cha risiti. Nauli ya samaki, pamoja na fidia ya muda. Risiti ninayo hadi leo. Kwenye aina ya mzigo, neno "nguo" limekatwa, juu yake ameandika "samaki", na pembeni, kwa herufi kubwa na mistari miwili chini: HAMNA MTU.