Taa za Tokyo Pekee Hazitoshi

Ndugu mwandishi, umesema filamu za waongozaji wa kigeni kuhusu Tokyo zapendeza macho lakini hadithi hazina. Kwa Enter the Void ya Gaspar Noé (2009) nakubali: kamera yaruka juu ya mapaa, taa za rangi zawaka na kuzima, na saa mbili zapita watu wenyewe hujawajua. Ile ya Sofia Coppola, Lost in Translation (2003), hadithi inayo, tena nzuri, ila ni ya Wamarekani wawili hotelini. Wajapani wamebaki pambo.

Lakini Perfect Days ya Wim Wenders (2023) umeionea. Mtazame Hirayama, mhusika mkuu, akisafisha vyoo vya umma Shibuya, mtaa wa Tokyo. Achukua kioo kidogo, akiingiza chini ya ukingo wa choo, aangalia kama pamebaki uchafu. Hakuna anayemsimamia. Kwa kitendo hicho kimoja nilimjua mtu, nikaujua na mji anaoutumikia, bila neno kusemwa. Hapo picha ndiyo hadithi! Na Wenders, Mjerumani, aliiandika pamoja na Takuma Takasaki, mwenyeji wa Japani. Hilo hukuligusa kabisa.

Sisi wa Lamu jambo hili la mgeni kupiga picha ya mji bila kuwajua watu wake latuuma. Wageni hushuka gatini na kamera, wakapiga majahazi na milango ya nakshi, wakaenda zao. Wale wanaopandisha mawe na mchanga kwa punda kutoka gatini hadi mitaani huonekana mgongo tu, na hawaulizwi hata majina.